Maji ya Mwisho wa Mfereji

Ronge,
Ijumaa, alasiri.

Wakesho mwanangu,

Nakusikia ukicheka huko ndani na shangazi zako, kwa hivyo sina haja ya kukuuliza hali. Niko hapa ghalani, karibu kabisa na dirisha lako, na bado nakuandikia barua kama mtu aliyehamia ng'ambo. Tangu jana nimejaribu kukupata peke yako nikashindwa. Nikikaribia mlango, shangazi yako mkubwa ananifukuza kama kuku aliyeingia jikoni. "Wewe baba, bibi harusi hatazamwi leo. Nenda upasue kuni." Nimepasua kuni mpaka majirani wameanza kuniuliza kama tunaoza mabinti wawili.

Mama yako atakupa karatasi hizi kesho asubuhi akikutengeneza nywele. Nimemwambia akupe kabla hujavaa viatu. Zisome mpaka mwisho, maana kuna jambo nitakalokuomba, na utatakiwa kulifanya kesho hiyohiyo mchana, mbele ya watu wote.

Mambo ya kupika na kufua na kuamka mapema sitayagusa. Hayo umeambiwa wiki nzima na kila mwanamke mwenye sauti katika ukoo huu, na baadhi yao nyumba zao nazijua vizuri. Mimi nataka kukuandikia habari ya maji na mboga. Usigune. Najua ulitarajia baba yako aseme kitu kizito zaidi siku kama hii. Kwangu hakuna kizito kuliko hiki, na nimekibeba muda mrefu kuliko nilivyobeba pampu.

Pampu yenyewe ya kupigia dawa imetundikwa ukutani mbele yangu. Ghala lote linanuka dawa, harufu ile tamu kidogo inayokaa kooni hata ukitoka nje. Umekua ukiisikia shati langu likinuka hivi ukadhani ndiyo harufu ya baba. Nyuma ya mlango liko lile pipa la bluu ulilolitamani. Mama yako alilisugua kwa majivu na mchanga mpaka likang'aa, akalifunga utepe, ati uende nalo likusaidie kuvuna maji ya mvua. Leo mchana nimechukua nyundo na msumari nikalitoboa chini na ubavuni. Amekasirika, hasemi nami mpaka sasa. Lakini pipa lile lilikuja hapa likiwa na dawa ya nyanya ndani yake, Wakesho. Mimi ndiye niliyelinunua likiwa limejaa, mimi ndiye niliyelimaliza, na siwezi kulala nikijua unachota maji ya kunywa humo. Kesho ukiona limebaki nyumbani, usidhani baba yako ni bahili.

Sijui kama unakumbuka siku niliyokupiga mkononi kwa sababu ya nyanya. Ulikuwa hujaanza shule. Mama Zuhura alikuwa amekuja na pikapu kutoka Voi kuchukua mzigo, yule mama wa buibui mwenye kibanda sokoni, na masanduku yalikuwa yamepangwa kando ya njia. Ukachagua nyanya moja iliyoiva vizuri, ukaipangusa kwenye gauni lako kama ulivyomwona mama yako akifanya, ukafungua kinywa. Niliruka kutoka kule nilikokuwa nikakupiga kofi mkononi, nyanya ikaanguka ikapasuka. Ulilia mpaka ukakosa pumzi. Ulikuwa hujawahi kupigwa na mimi.

Mama Zuhura akaweka chini sanduku alilobeba. "Baba Wakesho, mwana kafanyani masikini? Kwani hilo tungule lina nini?"

Nilikuwa nimepiga dawa jioni iliyotangulia. Nikamwambia, "Halijaoshwa, mama."

"Basi yaoshe, tukuone," akasema, akakaa juu ya jiwe kungoja.

Nikayaosha yote. Nilikwenda pale kwenye jiwe bapa, mfereji unapopita karibu na boma letu, nikamimina sanduku baada ya sanduku ndani ya karai, nikasugua nyanya moja moja kwa vidole. Utando mweupe mwembamba ulitoka, ukaelea, nikaumwaga mferejini. Nyanya ziling'aa. Mama Zuhura akaridhika, akapakia, akakupa peremende uache kulia. Mimi nilibaki nikiutazama ule utando ukishuka na maji mpaka kwenye mpera, pale mfereji unapopinda na huwezi kuyaona maji tena. Kwa miaka mingi niliishi kama mtu anayeamini kwamba maji yanaishia kwenye mpera ule.

Hebu fikiria ujinga wa jambo lenyewe. Mtoto wangu nilimnyang'anya, halafu nyanya zilezile nikazipakia ziende kwa watoto wa Voi. Na mwanamke aliyekuja kununua aliona kwa macho yake nikikunyang'anya, nami nikamtuliza kwa karai la maji.

Tangu zamani nyumba hii imekuwa na bustani mbili, na wewe hukuwahi kuuliza kwa nini. Ile ya mteremkoni ni ya soko, kabeji na nyanya na pilipili hoho, imenyooka, imependeza, haina jani lenye tundu. Ile ya nyuma ya jiko ni ya mama yako. Mnavu, mchicha, kunde na sukuma wiki, vitunguu vimechomekwa katikati, majivu yamenyunyizwa kwenye majani, maji ni yale ya paa. Majani yake yana matundu mpaka wageni wanatutania kwamba tunafuga wadudu. Mama yako alikuwa akiwajibu, "Mdudu akionja asife, na mimi nitakula." Sote tulikula kwake. Hata mimi, mwenye kabeji za kusifiwa mpaka Mombasa, kabeji yangu sikuila. Kila nyumba ya huku juu iko hivyo, pita nyuma ya jiko lolote utaona. Hakuna aliyekaa kikao tukakubaliana. Kila mtu alijua peke yake, akanyamaza peke yake.

Nimeosha mboga maisha yangu yote, kwa hivyo kwa hili naweza kujiita fundi. Kuosha kunatoa udongo, kunatoa samadi, na chumvi kidogo kwenye maji inawafanya viwavi watoke walikojificha. Kabeji ukiivua majani ya nje na ukamiminia maji yanayotiririka badala ya kuiloweka kwenye karai lililokwisha chafuka, umefanya vizuri. Dawa iliyokauka juu ya ganda nayo itatoka kiasi. Ile iliyonywewa na jani haitoki, hata usugue mpaka jani lichanike. Hiyo inataka siku za kungoja kabla ya kuvuna, na mimi sikuwa mtu wa kungoja pikapu ikiwa imekwisha kupiga honi. Na ile inayotoka, mwanangu, inatoka iende mahali. Hilo ndilo sikutaka kulifikiria.

Wewe kesho unakwenda mahali penyewe.

Umemchagua Mwadime, nami simkatai. Ni kijana mtulivu, anasikiliza kuliko anavyosema, na hajawahi kunitazama vibaya ingawa ana sababu. Boma lao ni la mwisho kabisa kwenye mfereji wetu, chini kule, maji yanapoingia kwenye migomba na kwisha. Ni mwendo wa kushuka tu, utasikia kengele ya kanisa letu ukiwa kwako. Watu wanasema una bahati hukuolewa mbali. Mimi ningelala vizuri zaidi kama ungeolewa Taveta.

Kuna jambo kati yangu na mama mkwe wako. Ulikuwa msichana wa shule, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na kiangazi kilikuwa kikali mpaka ndiwa yetu ilibaki tope. Wazee wa mfereji tulikuwa tunakutana pale karibu kila siku, kwenye ukingo wa lile bwawa dogo la udongo, kugawa zamu za maji upya. Babu yako aliniachia kiti chake, kwa hivyo neno la mwisho lilikuwa langu. Na unazijua sheria zetu. Hakuna kuingia ndiwani na viatu. Hakuna kufulia humo. Hakuna ugomvi pale. Na kubwa kuliko zote, hakuna kuchovya sufuria yenye masizi, maana chemchemi itakasirika na kuhama. Sheria hizo nilizikariri nikiwa mdogo kuliko Amri Kumi.

Mama Mwadime alikuja akipanda ile njia ya mawe na sufuria kichwani, jua kali, na mimba yake ilikuwa kubwa, inaonekana. Akaiweka sufuria chini mbele yetu. Ilikuwa nyeusi chini, imetoka motoni.

"Wazee, mimi sikukuja kwa ugomvi," akasema. "Nimekuja munuse hii maji. Nimechemsha, nikachemsha tena, harufu haitoki. Bata wangu wamekufa. Na mimi niko hivi, munaniona."

Mzee Kombo, jirani yetu, akamjibu, "Mama, zamu yako ni kesho. Rudi kesho."

"Sikuuliza zamu. Nimesema munuse tu."

Hakuna aliyeinama. Tulikuwa watu wazima wenye fimbo na kofia, na hakuna aliyethubutu kushusha pua yake kwenye sufuria ya mwanamke. Mimi nilikuwa nimesuuza pampu yangu asubuhi ileile, kwenye mfereji, hatua chache chini ya pale tulipokaa. Kombo naye alikuwa amesuuza. Hakuna sheria iliyokataza. Waliotunga zile sheria hawakuwa na pampu.

Alingoja, akaona tunatazama vilima. Basi akamwaga yale maji mchangani, akashuka ukingoni na kuichovya ile sufuria ndiwani. "Haya, nipeleke ya hapa juu," akasema. "Nyinyi munakunywa ya hapa, ama?"

Masizi yakatoka chini ya sufuria yakatanda juu ya maji. Kombo aliruka kama ameumwa na siafu. "Masizi! Masizi kwa ndiwa!" Wote wakasimama, wakapiga kelele. Na mimi, Wakesho, nilifurahi. Nakuambia ukweli. Nilifurahi kwamba sasa kuna kosa, na si langu. Nikamtoza mbuzi.

Hakubishana. Akaibeba sufuria ikiwa tupu akateremka. Kesho yake mumewe, wakati huo akiwa hai, akaleta mbuzi, akamfunga kwenye mti na kuondoka bila kusalimu. Tulimchinja palepale ndiwani kama desturi ilivyotaka. Nilikuletea mbavu, nimezifunga kwenye jani la mgomba, ukala mpaka ukalamba vidole, ukaniuliza, "Baba, hii mbuzi ilikuwa ya nani?" Nikakuambia ni mbuzi wa mfereji. Sasa unajua alikuwa wa nani. Nyama yake umeila, na kesho unaingia nyumbani kwake.

Mimba yake ilitoka kabla ya mvua. Hospitalini walimwambia mambo mengi na maji hayakuwa mojawapo. Mimi sisemi ni maji. Lakini tangu siku ile sijaweza kusema si maji, hata nikiwa peke yangu, hata kanisani. Hakupata mtoto mwingine baada ya hapo. Mwadime ndiye aliyebaki.

Hukuwahi kujiuliza kwa nini nilinyamaza muda mrefu hivyo ulipotutajia jina lake? Mama yako alidhani naangalia mambo ya ukoo. Nilikuwa nakuona wewe mjamzito, umekaa kwenye ile migomba, unachota.

Halafu wakaja kuzungumza mahari. Unaikumbuka siku ile, ulikuwa jikoni ukitengeneza chai. Mazungumzo yalikwisha vizuri, watu wameanza kutaniana, mshenga wao akasimama tena akasema mama wa kijana ana neno moja. Wanaume wakatazamana, maana siku ya mahari upande wa kijana kwa kawaida hudaiwa, haudai. Mama Mwadime hakusimama. Alizungumza akiwa ameketi, kanga imefungwa vizuri, sauti ya chini.

"Sisi hatutaki kitu kwenu. Lakini siku tutachukua msichana, baba yake aje mpaka kwetu, na kabla ya chakula anywe maji. Maji ya kwetu, si soda. Na msichana mwenyewe ndio atamletea."

Watu walicheka. Walimwona ni mwanamke mnyenyekevu, asiye na makuu. Kombo akajipiga paja kwa furaha, "Maji tu? Hata mimi nitakunywa!"

Mama Mwadime akamgeukia. "Karibu sana, mzee. Na wewe pia utaletewa."

Ndipo ulipoingia na chai ukaniuliza wanacheka nini, nikakujibu, "Desturi zao." Si desturi ya mtu yeyote, Wakesho. Aliibuni yeye, kwa ajili yangu, na aliikalia miaka yote hiyo.

Tangu siku ile sijui usingizi mzuri. Kombo naye si mjinga, alikuja kuelewa baadaye. Wiki hii akanijia hapa ghalani, akafunga mlango. "Tuwaambie watu wasipige dawa mpaka Jumapili," akasema. "Na wasioshee kwa mfereji. Maji itashuka safi, tunakunywa, tunashukuru, tunarudi nyumbani. Mambo inaisha." Nilikubali. Nakuambia hata nililala vizuri siku ile, nikaona Kombo ana akili.

Asubuhi nikaamua kuufuata mfereji, nione maji yanafikaje kule. Nimekuwa mzee wa mfereji huu tangu hujazaliwa na sikuwahi kuufuata mpaka mwisho wake. Nilipita mpera. Nikateremka. Kila boma lilikuwa na jiwe lake la kuoshea mboga, kama letu, na kila jiwe lina karai. Kadiri nilivyoshuka, maji yalizidi kuwa mazito, yakawa na povu pembezoni ambalo halivunjiki. Na nilipokaribia boma la akina Mwadime nikahisi kuna kitu kimepungua, sikujua ni nini. Nilisimama nikasikiliza. Vyura hawapo. Huku kwetu wanatusumbua wakati wote mpaka tunawatukana, na kule kwenye tope lote lile hakuna hata mmoja. Jioni yako ya kwanza kule utausikia ukimya huo. Afadhali uusikie ukijua.

Mama Mwadime alikuwa anaosha sukuma wiki kwa maji ya debe, debe lililowekwa chini ya paa la jiko. Ana bustani ndogo kama ya mama yako, majani yana matundu vilevile. Akaniona, hakuacha kuosha.

"Baba Wakesho. Unatafuta nini huku? Zamu yenu iko juu."

Nikamwambia, kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao, ambao si mwingi, kwamba asiwe na wasiwasi, tumekubaliana, Jumamosi maji yatakuwa safi.

Akakung'uta mboga. "Na Jumatatu?"

Nikalitazama lile debe lake.

"Usiniletee maji ya sikukuu, mzee," akasema. "Msichana wako hatakaa hapa sikukuu tu."

Nilipanda kurudi nyumbani bila kupumzika njiani. Niliita watu ndiwani jioni hiyohiyo. Nikawaambia makubaliano ya Kombo yamekufa. Ama kila mtu achimbe shimo mbali na mfereji, asuuzie pampu humo, na karai la kuoshea limwagwe humo, siku zote, tuifanye sheria kama ya masizi. Ama tusijidanganye, tuendelee kama tulivyo. Wengine walinitazama kama mtu aliyelewa. Kombo ndiye aliyesema yaliyokuwa mioyoni mwao. "Harusi ni ya binti yako," akasema, "nyanya ni zetu. Hii ni wakati ya ukungu, nikikaa wiki moja bila dawa nimekwisha." Na sheria ya mfereji haipiti bila wazee wote kukubali. Ndivyo babu yako alivyoniachia, na nimeitumia mwenyewe kuwanyamazisha wengine mara nyingi.

Wachache walichimba. Mimi nimechimba langu nyuma ya ghala, ndiyo maana mikono yangu ina malengelenge na maandishi haya yanapinda. Pampu nimeitundika. Nyanya zangu za mteremkoni zimeanza madoa ya kahawia, kesho kutwa zitakuwa zimekwisha, na sitajidai kwamba hainiumi. Inaniuma. Wengine asubuhi ya leo walipiga dawa. Ulikuwa umelala bado. Nilisimama uani nikasikia pampu zikilia mteremko mzima, huku na kule, halafu nikasikia zikisuuzwa.

Na sasa, ninapoandika, shangazi zako wako pale kwenye jiwe bapa wanaosha kabeji za harusi. Kabeji za Kombo, amezitoa zawadi. Niliwaambia wamwage maji kwenye shimo langu, wakaniitikia "sawa baba," nikawapa kisogo, wakamwaga mferejini. Hawana ubaya. Mikono yao imezoea. Wanaimba vizuri sana, na maji yanapita kwenye mpera.

Usiku huu yatalala katika ndiwa nyingine ndogo, ile ya chini inayokusanya maji ya mfereji. Alfajiri itafunguliwa, na ikifika mchana yatakuwa kwenye migomba ya akina Mwadime. Hayo ndiyo maji ya kesho.

Kwa hivyo sikiliza ninachokuomba. Tukifika kule, tukiisha kuketi, mama mkwe wako atakuita akupe vikombe. Kwenda mferejini utapita jikoni kwake, na lile debe la maji ya paa litakuwa palepale, limefunikwa vizuri, safi. Nakujua wewe. Una huruma, na una mkono mwepesi. Utafikiri, nani ataona? Utafikiri, ni baba yangu. Usichote humo, Wakesho. Pita. Nenda mpaka kwenye migomba, chota pale mfereji unapoishia, na ujaze. Usisubiri povu lipite. Usikung'ute. Niletee kwa mikono miwili kama mama yako alivyokufundisha, na usilie, maana ukilia watadhani ni machozi ya harusi na hawataelewa kitu.

Naogopa. Sikuwahi kukuandikia neno hilo wala kulitamka mbele yako, kwa hivyo lisome taratibu. Siogopi kikombe kimoja, kikombe kimoja sidhani kitamdhuru mzee aliyevuta dawa hii kwa mapafu miaka yote. Naogopa vikombe vyako, vile vya Jumatatu na vya miaka inayokuja, na vya yule atakayekuwa tumboni mwako. Baada ya kesho usiguse maji yale. Kunywa ya paa, mwagilia mboga zako kwa ya paa, na kiangazi kikikausha debe niletee habari, nitakubebea kutoka chemchemini kwa mgongo huuhuu uliobeba pampu. Mbegu za mnavu za mama yako ziko kwenye kitambaa chekundu ndani ya sanduku lako. Zipande karibu na jiko. Na mheshimu mama yule. Mpende ukiweza. Alikuja kwetu na sufuria, na sisi tukaona masizi.

Neno moja bado. Vitakuwa vikombe viwili. Mzee Kombo alijialika mwenyewe mbele ya watu, na atakuwa ameketi kulia kwangu, na wazee wote wa juu watakuwa wamejipanga kwenye benchi nyuma yetu na suti zao. Mpelekee chake kwa adabu zako zote, ukijaze sawa na changu. Mimi nitakunywa kwanza. Nitakunywa mpaka mwisho, nikigeuze kikombe waone kimekauka. Halafu nitamgeukia Kombo, na nitamngoja.

Ni mimi baba yako,
wa juu ya mfereji.